Ikhori: Damu ya Miungu au Maji ya Kidonda?

Liko neno moja la Kiyunani cha kale ambalo madaktari wa leo ni nadra kulitumia, lakini lingali katika kamusi zao. Neno hilo ni ikhori. Katika vitabu vya tiba maana yake ni majimaji membamba yatokayo katika kidonda kibovu. Si damu, wala si usaha mzito. Ni yale maji yanayotona polepole, pengine ya manjano, pengine yamechanganyika na damu, yenye harufu mbaya na yenye kuwasha ngozi kila yapitapo. Mwenye kuuguza donda ndugu huyajua vyema maji hayo, ajapokuwa hajui jina lake la Kiyunani.

Mpenzi wa ushairi naye akifungua kamusi yake atalikuta neno lilo hilo limekaa pahala pengine kabisa. Huko ikhori ni kitu kitukufu kipitacho katika mishipa ya miungu ya Wayunani pahala pa damu. Washairi wa Ulaya wamelitumia kwa karne nyingi kila walipotaka kutaja uhai usiokuwa wa kibinadamu.

Vipi basi neno moja likaweza kukaa mbinguni na papo hapo likawa katika beseni la mganga? Jibu lililozoeleka ni kuwa lilishushwa daraja: lilizaliwa tukufu kinywani mwa malenga, kisha waganga wakalitwaa na kulitia uvundo. Jibu hilo linapendeza, kwani huwapa washairi heshima ya kwanza. Lakini maandishi yenyewe, yakisomwa kwa utaratibu wa miaka yao, yanaelekea upande wa pili. Yaelekea malenga ndiye aliyeazima neno kutoka kidondani, na katika kuazima huko alikuwa na jambo zito la kusema juu ya damu ya binadamu.

Utendi wa Iliad, ambao jadi humnasibisha nao Homer na ambao wengi huukadiria kuwa ulitungwa karne ya 8 K.K., una mistari zaidi ya 15,000 iliyogawanywa katika vitabu 24. Katika bahari yote hiyo neno ikhori limetajwa mara mbili tu, na zote mbili ni katika kitabu cha 5. Vita vya Troy vimepamba moto. Diomedes, shujaa wa Wayunani, ametiwa nguvu na Athena, naye amemwangusha Aeneas, mwana wa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Mama mtu ashuka vitani, amkumbatia mwanawe na kumfunika kwa pindo la vazi lake ili apate kumtorosha. Diomedes amfuata na kumrukia kwa mkuki. Ncha yapenya vazi na kuchoma ngozi ya mkono, pale kiganja kinapokutana na kifundo. Aphrodite apiga ukelele, amwachia mwanawe, na jeraha lile laanza kuchuruzika.

Hapo ndipo malenga anapoleta neno lake. Kwanza asema kuwa kilichotoka ni damu isiyokufa ya mungu. Papo hapo aongeza jina jingine: ni ikhori, ile ipitayo kwa miungu wenye heri. Kisha atoa sababu. Miungu, asema, hawali mkate wala hawanywi mvinyo. Kwa hivyo hawana damu. Na kwa hivyo huitwa wasiokufa.

Maneno hayo ni machache, lakini yana mkufu wa hoja uliofungwa pete kwa pete. Mkate huzaa damu, na damu huzaa mauti. Alaye ana damu, na mwenye damu hufa. Miungu wameepuka kifo kwa kuwa wameepuka chakula cha watu. Aidha mna ndani yake kinzani ambayo msomaji makini hawezi kuipita bila ya kusimama: mstari mmoja wasema imetoka damu, na mstari wa tatu baada yake wasema wenye kutoka damu hiyo hawana damu. Mwenye kuidhani ikhori kuwa ni damu bora, damu ya dhahabu, damu iliyozidi damu, hataweza kuitatua kinzani hiyo. Kwa ushahidi wa malenga mwenyewe, ikhori ni kitu kitokacho pale damu inapokosekana.

Mara ya pili neno linakuja punde tu baadaye. Aphrodite amekimbilia kwa mamake, Dione, naye mama amfuta bintiye ikhori ile kwa mikono yake miwili, na mkono ukapona. Hapana utukufu wowote katika tendo hilo. Ni mama anayepangusa jeraha la mtoto, kama wafanyavyo mama wote. Na katika kitabu hicho hicho mungu wa vita, Ares, naye ajeruhiwa tumboni na Diomedes kwa msaada wa Athena. Apanda kwa Zeus akilalama na kumwonesha kitokacho jerahani, lakini safari hii malenga hataji ikhori, ataja damu isiyokufa. Kisha Paieon, tabibu wa miungu, amtia dawa, na jeraha lafunga upesi kama maziwa yagandavyo yatiwapo utomvu wa mtini. Mfano huo wa maziwa yafaa kuwekwa moyoni, kwani wanafalsafa watakuja kuurudia, kila mmoja kwa njia yake.

Baada ya Homer, karne kadhaa zikapita. Mwaka 458 K.K., mjini Athens, Aeschylus aliiweka jukwaani tamthilia yake ya Agamemnon, ya kwanza katika tatu zilizofuatana juu ya ukoo mmoja uliolaaniwa. Katika nyumba hiyo kisasi huzaa kisasi: baba amemchinja binti, mke amemuua mume, na mwana naye atakuja kumuua mama. Karibu na mwisho wa mchezo maovu ya ukoo huo yanasemwa kwa sura ya kidonda: kabla ya uchungu wa zamani haujakoma, ikhori mpya imekwisha anza kutoka. Humo hamna mungu aliyejeruhiwa. Ni watu na machukivu yao, nalo neno limetumika kwa kitu kitokacho katika donda lisilofunga. Aeschylus hakulieleza. Aliwaachia maelfu ya watazamaji waliokaa katika viti vya mawe au vya mbao wakiwa na akili zao za kila siku, na bila shaka wengi wao walikuwa wamewahi kufunga au kufungwa kidonda.

Katika karne hiyo ya 5 K.K. na ile iliyofuata ndipo yalipoandikwa maandishi ya tiba yaliyokusanywa chini ya jina la Hippocrates, vitabu takriban 60 vya mikono mbalimbali. Humo ikhori ni neno la kazi. Ni majimaji membamba ya mwili, khasa yale yatokayo katika majeraha na vidonda, na tabibu huyatazama rangi yake na wembamba wake ili ajue mgonjwa anaelekea wapi. Hao matabibu hawakuliandika neno hili kama watu walionyakua kitu cha hekaluni. Hawaombi radhi, wala hawasemi kuwa ndilo lile la Homer. Waliliandika kama fundi anavyotaja misumari.

Wanafalsafa wakalifuata. Plato, katika mazungumzo yaitwayo Timaeus, aliyoyaandika katika karne ya 4 K.K., aliigawa ikhori mafungu mawili: iko ile iliyo pole, ambayo ni maji ya damu, na iko ile kali, itokanayo na nyongo nyeusi. Hiyo iliyo pole aliipa jina la maji yanayojitenga maziwa yanapoganda. Mtu yeyote aliyepata kutengeneza mtindi ayajua maji hayo: juu au pembeni mwa mgando husimama maji mepesi yenye rangi ya kijani-manjano. Damu nayo ikiachwa katika chombo hufanya vivyo hivyo. Huganda donge jekundu, na kandokando yake hubaki maji. Karne nyingi baadaye Walatini walilichukua neno lao la maji ya mtindi, serum, wakalipa kazi hiyo hiyo. Na leo mhudumu wa maabara Pemba au Lamu asemapo seramu, anasema bila ya kujua neno la mfuga ng'ombe.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alikwenda mbali zaidi. Kwake yeye chakula hupikwa ndani ya mwili kwa joto la mwili, na upishi huo ukikamilika matokeo yake ni damu. Damu ni chakula kilichofika mwisho wa safari yake. Ikhori ni sehemu ya majimaji ya damu, ama kwa sababu haijapikika bado, ama kwa sababu imeharibika. Damu ikiozea mwilini hugeuka usaha. Neno alilolitumia Aristotle kwa upishi huo lina maana mbili katika Kiyunani: kupikika kwa chakula na kuiva kwa tunda. Mfasiri wa Kiingereza hapa hutaabika, hana budi kutafuta neno la kitabuni. Mswahili hataabiki hata kidogo. Wali huiva, embe huiva, na jipu nalo huiva, likiisha kuiva likatumbuka. Na kinyume cha kuiva ni ubichi: nyama mbichi, papai bichi, kidonda kibichi. Kwa Kiswahili basi nadharia yote ya Aristotle yaelezeka kwa maneno mawili ya jikoni. Ikhori ni damu mbichi.

Sasa na irudiwe ile mistari ya Homer, isomwe kwa jicho hilo. Ikiwa tangu zamani ikhori ilikuwa jina la maji yatokayo jerahani, maji ambayo hayajawa damu, basi kinzani inaondoka yenyewe. Malenga ana mungu aliyechomwa mkuki. Hana budi kumtoa kitu, kwani jeraha kavu si jeraha. Damu hawezi kumpa, kwa kuwa damu ni ya walao mkate na wafao. Amtafutie nini? Katika lugha ya watu liko jina la kile kitokacho mwilini kisichokuwa damu kamili, naye alichukua hilo akaliinua hadi kwa miungu. Hakuzua neno geni la mbinguni. Aliliokota chini, kitandani kwa majeruhi. Miungu wake hawana damu iliyozidi ya watu. Wana upungufu wa damu, na upungufu huo ndio kutokufa kwao.

Mwaka 1981 wanazuoni wawili wa Kifaransa, Jacques Jouanna na Paul Demont, walichapisha makala iliyoweka matumizi ya Homer na Aeschylus kando ya yale ya maandishi ya Hippocrates. Kwa njia hiyo washairi na matabibu waliokuwa wametengwa katika rafu mbili walikalishwa meza moja. Ama asili ya neno lenyewe kabla ya Kiyunani, wanaisimu hawajaafikiana. Wako waliolinganisha na neno eshar, lenye maana ya damu katika lugha ya Wahiti, watu waliotawala sehemu kubwa ya nchi iitwayo leo Uturuki katika miaka elfu ya pili K.K.; na wako waliolikataa shauri hilo kwa sababu za sauti. Lakini maana haingoji nasaba. Neno laweza kufahamika kwa kazi lililoifanya, kama mtu afahamikavyo kwa mwendo wake.

Kilichotokea baadaye ni kuwa watu wa vitabu walimsoma Homer wakasahau kidonda. Ikhori ikawa pambo. Katika karne ya 3 K.K. Apollonius wa Rhodes, katika utendi wake juu ya safari ya Jason na wenzake, alimsimulia Talos, jitu la shaba lililokuwa likilinda kisiwa cha Krete, lenye mshipa mmoja tu karibu na kifundo cha mguu. Medea alipolifanyia uchawi, likajikwaruza kwenye jiwe, na ikhori yake ikatoka kama risasi iliyoyeyushwa mpaka likaanguka. Mshairi huyo huyo asema kuwa mmea wa dawa alioutumia Medea ulichipuka katika mlima wa Caucasus, pale ilipodondoka ikhori yenye damu ya Prometheus alipokuwa akiraruliwa na tai. Kuna uzuri mwingi hapo, lakini lile swali la mkate na mauti halimo tena.

Hata hivyo uvundo wa kidonda haukuacha kulifuata neno hili. Strabo, mwanajiografia wa zama za kuzaliwa kwa Nabii Isa, alipokuwa akieleza mji wa Leuca kusini mwa Italia, ataja chemchemi yenye maji ya kunuka, na hekaya ya wenyeji kuwa majitu yaliyopigana na miungu yalifunikwa na ardhi mahali hapo, na maji yale hutokana na ikhori yao. Na Plutarch, katika maisha ya Alexander Mkuu, asimulia kuwa mfalme huyo alipopigwa mshale, huku wenye kujipendekeza wakimwita mwana wa mungu, aliwaambia rafiki zake kwa kumtaja Homer kuwa kitu kile walichokuwa wakikiona kikitoka kilikuwa damu, wala si ikhori. Alexander alikwisha kutawala nchi kutoka Makedonia hadi India. Jeraha la mguu lilimrudisha katika hesabu ya walao mkate.

Maarifa ya Wayunani yalivuka bahari kwa njia ya Kiarabu. Huko Baghdad, katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walifasiri vitabu vya Galen kwa Kisiria na Kiarabu. Katika risala yake Hunayn aliorodhesha vitabu 129. Katika kufasiri huko maneno mengine yaliachwa kama yalivyo yakavalishwa kanzu tu. Neno la Kiyunani phlegma likawa balghamu, nalo likasafiri na tiba ya Kiyunani mpaka likafika katika kinywa cha Mswahili, ambaye hulitema asubuhi bila ya kujua kuwa limetoka kwa Hippocrates. Safura, ambayo kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano, moja ya zile tabia nne za mwili, huku kwetu pwani ikawa jina la maradhi yanayompausha mtu na kumvimbisha. Ikhori haikupata safari hiyo. Kiarabu kilikuwa na neno lake kwa maji ya kidonda, sadidi, na Ibn Sina alilitumia katika al-Qanun. Neno hilo lina uzito mwingine kwa msikilizaji Mwislamu, maana limo katika Surat Ibrahim, aya ya 16, katika kueleza anachonyweshwa mtu wa motoni, nalo wafasiri wa Kiswahili hulieleza kwa neno usaha. Kwa hivyo kitu kimoja, maji ya jeraha, Wayunani walikipandisha kwa miungu yao, na katika lugha ya Waarabu jina lake likawa onyo la adhabu.

Kwa upande wa tiba neno hili halikuwa la maneno matupu, kwani watu waliishi na kufa kwa jinsi maji ya vidonda yalivyosomwa. Celsus, aliyeandika kwa Kilatini katika karne ya 1, alitenganisha damu, maji membamba ya kidonda, na usaha ulio mzito na mweupe kuliko vyote. Kutokana na mafundisho ya namna hiyo iliota imani kuwa usaha mzito mweupe ni dalili njema, na yale maji membamba ni dalili ya shari. Imani hiyo ilishikiliwa na madaktari wengi wa Ulaya kwa mamia ya miaka, na wako walioutafuta usaha kwa makusudi, wakitia kidondani vitu vya kuuleta. Teodorico Borgognoni, tabibu na askofu wa Kiitalia wa karne ya 13, aliandika kuwa si lazima jeraha litunge usaha ndipo lipone. Lioshwe kwa mvinyo, lifungwe, liachwe. Wengi hawakumsikiliza.

Hadi karne ya 19 ikhori ilikuwa ingali neno zima katika wodi za Ulaya. Rudolf Virchow, tabibu mkubwa wa Ujerumani, alilitumia kuunda jina la hali ambayo uoza wa kidonda umeingia katika damu ya mgonjwa. Kisha mwaka 1867 Joseph Lister, katika jarida la The Lancet, alieleza jinsi alivyotumia asidi ya kaboliki kuzuia vijidudu visiingie jerahani. Na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Alexander Ogston, huko Aberdeen, alionesha kwa hadubini aina mbili za vijidudu katika usaha: vile vinavyokaa vishada kama zabibu, alivyovipa jina Staphylococcus mwaka 1882, na vile vinavyojipanga kama ushanga. Ndipo ilipofahamika kuwa waliokuwa wakiyaogopa maji membamba hawakuwa wapumbavu. Vijidudu vya vishada aghalabu huzungushiwa ukuta vikatunga usaha mzito mahali pamoja. Vile vya ushanga mara nyingi hupenya na kuenea, na kidonda chake hutoa maji mepesi huku mgonjwa akizama. Macho ya wazee yaliona sawa. Walikosea walipoufanya usaha kuwa rafiki.

Leo neno linalotumika ni eksudati, kutoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutoka jasho. Mwili ukijeruhiwa, mishipa midogo hulegeza kuta zake na kupitisha maji yenye protini na chembe nyeupe za damu ziendazo kupambana na vijidudu. Maji meupe-manjano kidogo yatokayo katika jeraha safi siku za mwanzo si shari. Ni kazi ya kuponya. Ajabu ni kuwa Plato na Aristotle, bila hadubini, walikuwa wamekwisha kusema kuwa kitu hicho kimetoka katika damu yenyewe.

Ikhori basi ilitoka wodini. Lakini mwaka 1964 ilipata makao mapya yasiyotazamiwa. Wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Grenfell Thomas, waliandika katika jarida la Nature juu ya ile harufu inukayo mvua inapoangukia ardhi kavu. Harufu hiyo haikuwa na jina la kisayansi, nao wakaliunda: petrikhori, yaani ikhori ya jiwe. Waligundua kuwa ardhi na mawe hunyonya mafuta katika siku za ukame na kuyaachia unyevu ukija. Katika mji wa Kannauj, India, wafanya marashi walikuwa wamekwisha kuinasa harufu hiyo kabla yao, kwa kupika vipande vya udongo na kuupokea mvuke wake katika mafuta ya msandali. Hivi ndivyo neno la kidonda lilivyoishia katika kitu ambacho kila mtu wa pwani hukivuta kifuani kwa furaha mvua ya kwanza ya masika inapopiga ua uliokauka.

Linabaki shauri la mfasiri. Siku Iliad itakapotiwa katika Kiswahili kwa mizani na vina, atakayeifanya kazi hiyo atafika katika kitabu cha 5 na atalazimika kuchagua. Akiandika usaha, atamdhalilisha Aphrodite kuliko alivyomdhalilisha Diomedes. Akiandika sadidi, wasomaji wake watanusa Jahannamu. Akiandika maji, ubeti utapwaya. Utomvu wafaa kufikiriwa, kwani mti ukatwao hutoka kitu nao hauna damu, na Homer mwenyewe aliutaja wa mtini pale Ares alipoponywa. Au aliache neno kama lilivyo, ikhori, silabi tatu zinazokaa vyema katika kipande cha mizani minane.

Lolote atakalochagua, liko moja ambalo hafai kulifanya, nalo ni lile lililo rahisi zaidi: kuandika damu tukufu, au damu ya dhahabu, akapita zake. Mstari unaofuata utamsuta, maana humo miungu wanasemwa kuwa hawana damu. Malenga aliwanyima kwa makusudi. Aliwapa maji mepesi ya jeraha, na damu akawaachia wale walao mkate, waliokuwa wakifa uwandani chini ya kuta za Troy.